Mlango wa Chumba cha Bendeji

9 Februari

Shangazi yangu mkali,

Shikamoo. Naiweka mbele kabisa usije ukasema mji umeninyang'anya adabu. Mimi mzima wa afya. Natumaini mguu wako umepoa, na kwamba Mama anakunywa dawa za presha badala ya kuzificha chini ya godoro. Nibusie Kidoti wangu mashavu yote mawili, mwambie mama yake kamnunulia kalamu za rangi.

Samahani kwa ukimya. Simu yangu ilizama kwenye ndoo ya maji ya kudekia. Nikaianika, nikaipepea, nikaisemesha, wapi! Marehemu. Kwa hiyo tuandikiane kama wachumba wa zamani. Barua hii inaletwa na dereva wa lori la kiwanda, yule anayeshusha bendeji hapo zahanati kwenu. Sisi tunamwita Tarumbeta, na ukishamsikia anavyopiga honi hutauliza kwa nini.

Maana yake umeshaelewa: nimepata kazi! Nakunja bendeji na kuzitia kwenye pakiti. Chumba hakina dirisha, ni kisafi hadi unaona haya kukanyaga. Tunaingia asubuhi, mlango unafungwa vumbi lisiingie, tunatoka jioni. Msimamizi wetu ni mtu na heshima zake. Akija kukagua anasimama mlangoni, anatutazama, anasema "haya akina mama, kazi njema," anakwenda zake. Hajawahi hata kuingia kutuvuruga.

Jambo dogo tu. Jua la huku kali. Uso umewaka moto, na mikono pia, sasa ngozi inabanduka kama ganda la kitunguu. Nilipaka dawa ya meno, ikanipoza kidogo halafu ikaniwasha kuliko mwanzo. Wewe unafunga vidonda vya watu kila siku, hebu niambie nipake nini. Na tafadhali, Mama asijue.

Mtoto wako mtiifu (usicheke),
Kipusa

2 Machi

Kipusa,

Marahaba. Nimecheka hapo kwenye utiifu, nisamehe.

Huku tupo. Mama yako dawa anazinywa mbele yangu, kisha namwambia afungue mdomo nione, ananuna siku nzima. Mguu wangu unanikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Kidoti kang'oka jino la mbele, sasa kila akisema neno linatoka na mluzi. Nikwambie na lingine, maana ni haki yako kulijua: siku hizi mama yako anamwita "Mama," si "Bibi" tena. Hakuna aliyemfundisha.

Sasa ngozi. Dawa ya meno ni ya meno, mwanangu. Nani kakudanganya? Kuungua na jua ni kuungua kama kwa moto, ila moto huu ni mnafiki: unakuunguza mchana ukiwa unacheka, unaanza kuuma jioni. Na usidhani sisi weusi hatuungui. Wekundu tu ndio hauonekani vizuri kwetu. Ngozi inakuwa ya moto, inabana, inauma nguo ikigusa, kisha inazidi weusi na kubanduka.

Poza kwa maji ya baridi ya kawaida, kitambaa kilicholowa, ukilowesha tena na tena. Barafu usiguse, itaumiza ngozi ambayo tayari ina maumivu yake. Mafuta mazito usipake ngozi ikiwa bado ya moto, yanafungia joto ndani. Ikishapoa, paka losheni isiyo na manukato. Malengelenge yakitokea usiyatumbue hata yakikukera vipi, ile ngozi ya juu ndiyo bendeji yako ya bure. Inayobanduka iache ianguke yenyewe. Kunywa maji mengi, vaa pamba iliyolegea, na usilirudie jua kabla ngozi haijapona. Ukipata homa, kutapika au kizunguzungu, nenda hospitali, usiningoje mimi na barua.

Halafu nijibu swali moja. Unaingia asubuhi, unatoka jioni, chumba hakina dirisha. Hilo jua linakukuta wapi?

Shangazi yako

6 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea wenzangu kwa sauti, tulipofika kwenye "moto mnafiki" Domo akacheka mpaka akaangusha rundo la bendeji. Domo ni yule anayekaa mkono wangu wa kulia, mdomo wake haujawahi kupumzika tangu azaliwe. Wote wamefuata maelekezo yako ya maji, na wote wamekushukuru.

Ndiyo, wote. Maana sote tunabanduka, Shangazi. Hata Domo, ambaye ni mweusi tii, pua imembanduka na masikio yamemtoka malengelenge. Tumeanza kuitana mabibi harusi, tumesuguliwa tukasugulika! Tunahisi ni ile dawa wanayosafishia pamba. Jioni macho nayo yanatuwasha, kama mtu katumwagia mchanga, machozi yanatiririka, tunatoka getini kama tunatoka msibani. Asubuhi yanapata nafuu, tunarudi kazini.

Kuhusu jua, tunakaa nje wakati wa chakula. Linatukuta hapo.

Lile la Kidoti limenikata maini. Nilisoma mstari ule nikakunja barua nikaiweka chini ya mto, sikuimaliza mpaka kesho yake. Hapa ndipo penye habari yangu njema: Msimamizi amekubali shule zikifungwa mwenye mtoto aje naye kazini. Atakaa juu ya magunia ya pamba pale pembeni, chumba kina baridi, nzi hakuna, tuna taa ndogo nzuri ya bluu darini. Nataka aje likizo ya Juni. Akizoea, nimtafutie shule huku tuishi wote. Hiyo ndiyo sababu mimi niko hapa, Shangazi, hakuna nyingine.

Kipusa wako

11 Mei

Kipusa,

Marahaba, salamu zako zimefika kote. Mama yako anakohoa kidogo lakini kugombana anagombana vilevile, kwa hiyo sina wasiwasi. Paa la jikoni limeezuliwa na upepo, tunapikia barazani. Kidoti anajua kuandika jina lako sasa, ameliandika kwenye mlango wangu kwa mkaa. Sijalifuta.

Mwanangu, unanizunguka. Nimekulea tangu unanyonya kidole, najua ukidanganya unaandika sentensi fupi. "Linatukuta hapo." Haya.

Nataka unijibu kitu kimoja tu, na ukijibu usiongeze chumvi wala usipunguze. Simama mbele ya kioo, vua shati, uniandikie ngozi yako inaishia wapi kuungua. Ingekuwa dawa ya pamba, viganja vingekuwa vya kwanza, maana ndivyo vinavyoshika. Ingekuwa jua la chakula cha mchana, wapo kati yenu wanaokaa kivulini, wasingeungua wote. Kitu kinachounguza kinaacha mpaka wake, na mimi kazi yangu ni kusoma mipaka hiyo.

Na lingine. Pakiti za bendeji anazoleta Tarumbeta, zile zenye alama ya kiwanda chenu, plastiki yake imegeuka njano. Nikiishika inakatika vipande kama jani kavu. Nimefanya kazi hii tangu hujazaliwa, nimeona plastiki ya namna hiyo kwenye vitu vilivyosahaulika juani mwaka mzima. Hizi zinatoka kwenye chumba kisicho na dirisha.

Sitaki kusema ninachowaza kabla sijamuuliza mtu wa maabara, yuko likizo. Ila Kidoti haji huko. Usinijibu kwa machozi. Nimeshamwambia mama yako, amekubali kwa kichwa, ingawa mdomo hakuufungua.

Shangazi yako anayekupenda

7 Juni

Shangazi,

Shikamoo, najua utaipokea umekunja uso.

Nimefanya ulivyotaka. Kioo nimeazima kwa Domo. Uso wote umeungua, ila chini ya kidevu pasafi kabisa. Masikio, ncha za juu. Shingo, nyuma zaidi kuliko mbele, hadi kwenye kola, hapo pamekatika kama pamechorwa kwa rula. Mikono mpaka pale mkono wa shati unapoanzia. Viganja havina hata alama. Na kwenye utosi, pale ninapogawa nywele, kuna mstari umebanduka. Domo naye ni vilevile. Tumetazamana hatukucheka, na Domo asiyecheka ni habari.

Kwa hiyo ni kitu cha juu. Tuliwaza ile taa ya bluu, tukamwambia Msimamizi. Hakubisha, kwa kweli ni muungwana, akaleta mkaguzi. Mkaguzi kafungua mlango, kaingia hatua moja, kaangalia dari. Taa imezimika. Ikawa aibu kwetu! Nilisahau kukwambia, ile taa huzimika yenyewe mlango ukifunguliwa na kuwaka ukifungwa, nadhani ni kubana umeme. Mkaguzi akaandika chumba ni kizuri, akasaini akiwa amesimama pale pale mlangoni, Msimamizi akamsindikiza.

Sasa nikwambie lililonifanya nichelewe kuandika. Nilimwandikia Mama barua yake peke yake. Shule zimefungwa. Tarumbeta anayekupa barua hii ndiye atakayerudi na Kidoti, Mama atakuwa amemwandaa. Ukimaliza kusoma hapa huenda wameshaondoka. Nigombeze utakavyo, Shangazi, nitainamisha kichwa. Lakini mtoto akimwita mtu mwingine mama, wewe ungesubiri mpaka lini?

Kipusa

Juni, usiku wa siku niliyopata barua yako

Kipusa,

Salamu baadaye.

Barua yako nilipewa asubuhi nikiwa na mgonjwa mkononi, nikaitia mfukoni mwa koti la kazi. Mchana nimesikia Tarumbeta anapiga honi getini, nikachungulia, nikamwona Kidoti amekaa mbele karibu na dereva, anapunga mkono, amevaa kofia yangu ya majani. Nikadhani anampa lifti hadi sokoni. Nami nikapunga, na barua yako ikiwa mfukoni mwangu. Nimeisoma jioni.

Soma polepole. Ile taa si ya kuwaangazia, wala si ya nzi. Ni taa ya kuua vijidudu. Mtu wa maabara karudi, nimemfuata nyumbani kwake, kanithibitishia neno kwa neno. Hata kwao maabara wanayo. Huwashwa chumba kikiwa kitupu, na wao hutoka nje kwanza. Ndani yake mna ule ule moto wa jua, tena mkali zaidi, nawe husikii joto lake wala huuoni. Ndiyo maana inazimika mlango ukifunguliwa: imetengenezwa hivyo ili anayeingia asiungue. Waliotengeneza hawakuwaza kwamba kuna watakaoingia halafu wakafunga mlango nyuma yao.

Mtoe mtoto. Ukiisoma hii getini, usimalize, kimbia umtoe, umalizie baadaye. Kisha mlango uwekeeni jiwe, usifungwe tena mkiwa ndani.

Akiwa ameungua fanya kama nilivyokwambia, maji ya baridi, kitambaa, mpe maji anywe hata akikataa. Macho yakiuma asiyasugue, mlaze chumba cha giza, kitambaa kilicholowa juu ya kope, usimtie dawa yoyote ya dukani, wala maziwa, wala maji ya chumvi. Mpeleke kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo.

Namba ya simu iliyo kwenye pakiti za kiwanda nimeipiga, haipokelewi, kwa hiyo barua hii nampa utingo wa basi la alfajiri. Ningekuja nayo mwenyewe, lakini zahanati niko peke yangu na kuna mwanamke yuko kwenye uchungu. Akishajifungua salama nafunga mlango nakuja.

Shangazi

4 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Kidoti yuko hapa ubavuni kwangu, anaona, anakula, ananisumbua. Nimeanza na hilo ili upumue.

Barua yako ilifika upesi, ila mlinzi wa getini aliiweka kwenye droo yake. Barua za wafanyakazi hugawiwa mwisho wa juma, ndiyo sheria yao. Hizo siku zote Kidoti alikuwa juu ya magunia. Na magunia, Shangazi, yamepangwa hadi karibu na dari. Yeye ndiye aliyekuwa juu kuliko sote, karibu na taa kuliko sote, anachora na kalamu zake za rangi. Jioni ya kwanza alilia kwamba macho yana mchanga. Nikamwambia aache kudeka, mbona sisi sote yanawasha na hatulii. Maneno hayo nikiyakumbuka natamani kujipiga.

Nilipopewa barua niliisomea getini, na kweli sikuimaliza. Nimekimbia uwanja mzima nimepiga mlango teke, taa ikazimika, nikamshusha. Uso ulikuwa umevimba, kope haziachani, mabega yana malengelenge pale gauni lilipoishia. Kofia yako alikuwa ameivua, alisema ndani hakuna jua. Daktari wa macho kasema ngozi ya juu ya jicho iliungua lakini itajirudi, na imejirudi. Siku alizolala gizani alikuwa ananishika kidole asiachie, na ananiita mama kila akiamka, kuhakikisha nipo. Hilo nimelitaka miezi yote hii, nikalipata namna hiyo.

Sasa Msimamizi. Tuliweka jiwe mlangoni ulivyosema, akaja akalitoa kwa mguu, vumbi. Tukamweleza. Akasema taa haina madhara, ni maneno ya zahanati za vijijini. Domo akavuta stuli, akaifuta kwa kanga yake vizuri, akasema, "Basi karibu bosi, keti hapa na sisi, tufunge mlango tuzungumze."

Hakuketi. Alicheka kidogo, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na mkono wake niliuona umeushika mlango kwa nguvu hadi vidole vimebadilika rangi. "Tuongee hapa hapa tu," akasema. Shangazi, nakumbuka nilikuandikia kwamba ni mtu na heshima zake, hajawahi kuingia kutuvuruga. Tangu nianze kazi sijawahi kumwona ndani ya kile chumba mlango ukiwa umefungwa. Alikuwa anajua. Alikuwa anajua kila asubuhi aliyotutakia kazi njema.

Kesho yake tukakuta majina yetu sote hayapo kwenye orodha ya getini: tumefukuzwa.

Leo nilikuja kuchukua mkoba wangu tu, halafu tupande lori la Tarumbeta turudi nyumbani. Nimepita kwenye ukumbi unaoelekea chumba chetu nimemshika Kidoti mkono. Mlango umefungwa, na chini yake kuna mstari wa mwanga wa bluu. Nimesimama. Ndani kuna sauti za wanawake, wengi, wanaimba.

Nimeufungua. Taa imezimika. Wamegeuka wote, nyuso mpya, mmoja akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, funga mlango, vumbi linaingia."

Sijaufunga. Nimekaa kizingitini na mkoba wangu, Kidoti yuko mapajani na kofia yako, na hapa ndipo ninapokuandikia. Nimewaambia kuhusu taa, wameitazama, imezimika, wametazamana. Wananiona mwehu. Kule mwisho wa ukumbi Msimamizi anamwita mlinzi, kwa sauti ya chini. Tarumbeta kapiga honi mara mbili, nimemwambia asubiri. Barua hii nampa yeye; kama zahanati bado imekuzuia hujatoka, panda naye uje hapa hapa kiwandani.

Mmoja wao, mdogo kuliko wote, yuko kwenye kile kiti changu, anajikuna shingo huku anaendelea kuimba. Nimemuuliza kama ulivyoniuliza mimi: mdogo wangu, hebu nionyeshe ngozi yako inaishia wapi kuungua. Amefungua kifungo cha kola, ameinama akajitazama, na sasa haimbi tena.

Kipusa